Miaka mitatu kampuni kubwa, kila mtu ananisifu ila sipandi: jibu kwa binti wa Kirumba

Swali limetoka kwa binti mmoja, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo dada. Mimi mzaliwa wa Mwanza, nimekulia Kirumba, mama anauza dagaa pale soko la samaki la mwaloni. Nina miaka mitatu sasa Nairobi kwenye kampuni kubwa ya teknolojia ya nje, ni injinia wa programu, timu yetu inahusika na malipo ya simu. Timu nzima inanisifu, sistimu ikilala usiku mimi ndo naamshwa na mimi ndo naiamsha. Mwaka jana nilimaliza lile tatizo la wateja kukatwa hela mara mbili. Lakini promosheni nimerukwa mara mbili na wawili walionikuta wameshanipita. Menija anasema mchango wangu hauonekani vya kutosha. Nivumilie au nihame? Na hivi dada kweli nakua, au naongeza umri tu?"

Marahaba mdogo wangu, na mama msalimie sana, mi niko huku Nyegezi ila Kirumba nafika mara kwa mara. Nakujibu kwa urefu kwa sababu vijana wa chuo kikuu cha SAUT na wengine wa hapa mjini wanaonitafuta wanauliza tu jinsi ya kuingia kwenye hizi kampuni, hakuna anayeuliza ukishaingia unaishije, na watu wetu wengi wanakwama hapo. Nimekaa miaka mingi kwenye kampuni ya aina hiyo, nimewahi kuombewa cheo na nimewahi kukaa kwenye kikao cha wanaosoma mafaili ya wenzao na kuamua nani apande, kwa hiyo nitakayokwambia nimeyaona nikiwa naamuliwa na nikiwa naamua.

La kwanza kabisa, wanaokusifu na wanaokupandisha sio watu walewale. Wanaokusifu ni timu yako, wanakuona kila siku, wanajua saa nane usiku nani alikuwa macho. Wanaokupandisha wako chumba kingine, pengine bara lingine, na wengi wao jina lako wanaliona kwa mara ya kwanza siku hiyohiyo wanayoamua. Google kwa miaka mingi ndivyo ilivyokuwa, faili lako linaenda kwa kamati ya mainjinia ambao hawakai timu moja na wewe, ndani kuna maelezo uliyoandika mwenyewe na maoni ya wenzako, wanasoma, wanabishana, wanaamua. Microsoft nao walikuwa na utaratibu wa kuwapanga watu kwa mafungu, yaani lazima wachache wawe juu na wachache wawe chini hata kama timu nzima imefanya vizuri, wakaja kuufuta Novemba 2013. Google wakabadilisha wa kwao tena 2022. Taratibu zinabadilika, ila kote huko anayeamua hana muda wa kuja kukaa na wewe akuone unavyofanya kazi. Anasoma karatasi. Kama kwenye karatasi haupo, basi haupo, na hapo menija wako akikwambia hauonekani anaweza kuwa anasema ukweli mtupu hata kama unauma.

Sasa sisi tumelelewaje? Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtoto wa kike hasa, akijisemea mwenyewe anaambiwa ana majivuno. Na pale mwaloni methali hii ni kweli kabisa, mnunuzi anakuja, anashika dagaa, ananusa, anaona kama wamekaukia juani au wamenyeshewa, mama hana haja ya kuongea sana. Lakini kwenye kampuni yenye watu laki na zaidi hakuna mnunuzi anayepita mbele ya turubai lako. Naiheshimu methali, nimeisikia kwa bibi yangu, ila kazini kwako itakuumiza, na nimeona mabinti wazuri sana kutoka huku kwetu, wenye akili kuliko hao waliowapita, wakikaa kimya wakisubiri mtu aone, na hakuna aliyeona.

Na kuandika ulichofanya sio kujisifu. Kujisifu ni kuongeza chumvi, ni kuchukua kazi ya mwenzako ukaiita yako. Ukiandika ukweli, ukataja na nani alikusaidia wapi, huo ni ushahidi, na unawarahisishia kazi wale waliokaa kwenye kikao maana niamini mimi, wengi wao wanatafuta sababu ya kukubali, hawatafuti ya kukataa, ila lazima hiyo sababu waione imeandikwa.

Tuchukue hilo tatizo lako la kukatwa mara mbili, manake hapo ndo pana utajiri wako na sidhani kama unalijua. Watu wengi wangeandika hivi: "Nilirekebisha hitilafu za malipo." Maneno manne, basi, na aliyeko California akisoma anaona mtu aliyebadilisha mistari miwili mitatu ya programu akaenda zake kunywa chai. Sasa iandike hivi: mtandao ukikatika katikati ya malipo, simu ya mteja ilikuwa inatuma ombi upya na sistimu inalihesabu kama malipo mapya, mteja anakatwa mara mbili. Palikuwa na njia mbili, ya kwanza kukagua kila usiku na kuwarudishia hela waliokatwa, ya pili kila ombi lipewe namba yake ya pekee tangu linatoka kwenye simu, ili likija tena na namba ileile sistimu irudishe jibu la mwanzo bila kugusa hela. Nilichagua ya pili kwa sababu kwenye ya kwanza mteja analala bila hela yake, na kwa mtu anayezungusha mtaji wa siku moja kesho ni mbali. Kabla malalamiko yalikuwa kadhaa kwa wiki (weka namba halisi toka kwenye rekodi zenu), sasa ni kadhaa (weka namba halisi). Fulani alinisaidia kwenye majaribio. Timu fulani nao wameichukua njia hii.

Umeona? Kazi ni ileile, hujaongeza hata chembe ya uongo, ila sasa kuna shida, kuna kwa nini ni shida, kuna njia ulizozipima, kuna uamuzi wenye hoja, kuna kabla na baada, kuna na wengine walionufaika. Na kuna kitu kingine ambacho mwenzako wa Marekani hawezi kukiandika, hicho cha mtaji wa siku moja, kwa sababu hajawahi kusimama kwa wakala Kirumba akaona mchuuzi wa samaki na wakala wanavyobishana ujumbe umechelewa kuingia na boti inasubiri. Wewe umekua unaona hayo. Ujuzi huo usiuone mdogo, kwenye timu ya malipo ndo dhahabu yenyewe.

Kwa hiyo kila Ijumaa kabla hujafunga laptopu andika mistari michache, nini nimefanya, kwa nini, kimebadilisha nini, nani shahidi. Usisubiri msimu wa tathmini, utakuwa umeshasahau nusu. Halafu kuna hili la mameneja kuhama, kwenye kampuni hizi wanahama sana, menija anayekujua anaondoka Jumatatu anakuja mwingine ambaye kwake umezaliwa siku hiyo. Hilo limenipata na mimi, kazi niliyoifanya kwa menija mmoja ikayeyuka alipohamishwa, na kilichobaki ni kile tu nilichokuwa nacho kwenye maandishi.

Ukitaka kujua kuandika kuna uzito gani huko, angalia Amazon. Mwaka 2004 mwanzilishi wake Jeff Bezos alipiga marufuku slaidi kwenye vikao vya viongozi wake wa juu, badala yake mtu analeta waraka ulioandikwa kwa sentensi kamili, ukaja kuzoeleka wa kurasa sita, na kikao kinaanza watu wote wamekaa kimya wanausoma. Fikiria hiyo kwa mtu ambaye Kiingereza cha kuongea harakaharaka kwenye kikao kinamkimbia. Kwenye waraka una usiku mzima wa kupanga hoja zako, na anayepayuka sana kikaoni hapo hana faida. Mimi nakwambia kuandika ndo silaha ya mtu mpole.

Na masaa nayo. California wakifika ofisini saa tatu asubuhi, huku ni saa mbili usiku, au saa moja usiku ile miezi ambayo wao wamesogeza saa mbele. Maamuzi mengi yanafanyika wewe umelala. Waraka wako haulali.

Haya, tuje kwenye huo usiku unaoamshwa, na hapa nitakuwa mkali kidogo unisamehe. Google walianzisha timu maalumu ya kuhakikisha sistimu hazilali mwaka 2003, chini ya Ben Treynor Sloss, na moja ya kanuni zao maarufu ni kwamba injinia wa timu hiyo asitumie zaidi ya nusu ya muda wake kwenye kazi za kuamshwa na kuhangaika na hitilafu za mkono kwa mkono, nusu nyingine lazima ajenge kitu kitakachopunguza hizo hitilafu. Sasa kama hao ambao kazi yao ndo hiyohiyo wamejiwekea kikomo, wewe ambaye hata sio kazi yako rasmi unaamka peke yako mwaka mzima kwa mkataba gani?

Kuna utamu wa kuhitajika, mdogo wangu. Simu inalia, kila mtu amechanganyikiwa, wewe unaingia unaiamsha sistimu, asubuhi shukrani zinamiminika kwenye grupu la timu. Ni tamu, na ni halali kuifurahia, ila inakufunga, maana menija mwenye busara ndogo hatataka kukutoa hapo, ukitoka nani ataamka? Na kwenye kikao cha promosheni mtu aliyeamsha sistimu mara nyingi anaulizwa swali moja tu, kwa nini inaendelea kulala. Hilo swali ujiulize mwenyewe kabla ya wao. Safari ijayo ikilala, iamshe, halafu kesho yake andika ripoti ya tukio: lilianza saa ngapi, nini kilisababisha nini, kwa nini hatukugundua mapema, tubadilishe nini ili lisirudi. Bila kumlaumu mtu, kanuni ya huko ni kwamba ripoti inatafuta udhaifu wa sistimu, haitafuti wa kufukuzwa, na kama ripoti inataja kosa la mwenzako kwa jina itakuwa mwisho wa watu kukwambia ukweli. Omba upewe muda wa kufanya hayo mabadiliko. Na zamu za usiku zigawanywe, mfundishe mwenzako mmoja kwanza hata kama atakuwa anakosea mwanzoni.

Umeuliza kama unakua. Swali hili ni kubwa kuliko la promosheni na nafurahi umelitenganisha, watu wengi hawalitenganishi. Levo zenyewe, yaani zile namba za ngazi za vyeo, zisikuchanganye, injinia anayetoka chuo Google anaanza levo ya 3, Amazon anaanza ya 4, Microsoft anaanza 59, kwa hiyo namba peke yake haisemi kitu. Kipimo nilichokuja kukiamini mimi ni hiki: unapewa shida ya aina gani? Mwanzoni unaambiwa cha kufanya na jinsi ya kukifanya. Baadaye unaambiwa cha kufanya, jinsi utajua mwenyewe. Ukifika uandamizi, yaani injinia mwandamizi, unaambiwa tu huku kuna kitu hakiko sawa, wateja wanalalamika, nenda kaangalie, na hata shida yenyewe ni ipi unaenda kuitafuta wewe. Juu ya hapo unaona shida ambayo hakuna aliyeitamka na unawashawishi timu tatu nne ambazo sio zako ziishughulikie. Sasa kaa chini uangalie kazi za mwaka wako wa kwanza na za mwaka huu, je, sehemu ya shida unayoachiwa uitafute mwenyewe imeongezeka? Ile kazi ya kukatwa mara mbili, kama uliigundua mwenyewe kwenye malalamiko na hukuagizwa, basi ulishafanya kazi ya uandamizi bila cheo chake, na hiyo ndo hoja yako ya kupanda. Ila kama mwaka huu wote ni kazi zilezile za mwaka wa kwanza, zimeongezeka wingi tu na umezizoea, basi hapana, hukui, hata wakikupandisha kesho.

Na usidhani kukua ni lazima uwe bosi wa watu. Najua ukirudi likizo shangazi watauliza una watu wangapi chini yako. Kwenye hizi kampuni kuna ngazi mbili, ya kusimamia watu na ya ufundi, na ya ufundi inafika juu kabisa. Mainjinia Jeff Dean na Sanjay Ghemawat waliingia Google 1999, wakajulikana kwa kuandika programu wawili kwenye kompyuta moja, na walipanda mpaka levo ya 11 kwa ufundi. Vilevile kampuni nyingi zina levo, mara nyingi hiyo ya uandamizi, ambayo mtu anaweza kukaa miaka na miaka akifanya kazi nzuri na kulipwa vizuri na hakuna anayemnyooshea kidole. Hiyo nayo ni maisha mazuri.

Kuhusu kuwa Nairobi, mbali na makao makuu. Watu wanalalamika, na kweli umbali una gharama zake, ila kumbuka ile huduma ya Amazon ya kukodisha kompyuta kupitia mtandao, EC2, iliyotoka Agosti 2006 na leo sehemu kubwa ya intaneti inategemea huduma za aina hiyo, ilijengwa na timu iliyokuwa Cape Town. Chris Pinkham alikuwa anataka kurudi kwao Afrika Kusini, wakamruhusu akafungue ofisi huko, na timu ile ikaijenga mbali na makao makuu ya Amazon yaliyoko Seattle. Mimi ninachokiona hapo ni kwamba walikuwa na kitu kizima mikononi mwao, hawakuwa wanamalizia vipande vya timu ya Marekani. Kwa hiyo ukichagua kazi hapo ofisini kwenu, kimbilia ile ambayo ofisi ya Nairobi inaimiliki tangu mwanzo mpaka mwisho, hata kama inaonekana ndogo. Kipande cha kitu kikubwa cha makao makuu sifa zake zinabaki makao makuu.

Sasa menija. Omba kikao, usiende na malalamiko, nenda na ile karatasi inayoeleza levo inayofuata inataka nini, kampuni nyingi kubwa zinayo, na mbele ya kila kipengele andika ushahidi wako. Halafu muulize, kwa heshima ila macho makavu: kipengele gani kinakosekana, kazi gani mwaka huu inaweza kukijaza, na kwenye kikao cha maamuzi ni nani atakayenisemea zaidi yako? Hilo la mwisho usiliache. Mshauri anakupa maneno mazuri ukiwa naye, wewe unahitaji mtu atakayekusemea ukiwa haupo. Ukitoka hapo mtumie barua pepe fupi, "asante kwa muda wako, tulikubaliana hivi na hivi". Majibu yake yatakwambia mengi. Akikutajia kipengele na kazi, baki, mpe msimu mmoja wa tathmini, fanya. Akirudia tu maneno ya kuonekana na kutoonekana bila kitu cha kushika, hamia timu nyingine hapohapo ndani, ni rahisi kuliko kuanza upya nje na hisa za kampuni ulizopewa kama sehemu ya malipo zinabaki.

Na hisa ndo za kuangalia kabla hujafikiria kutoka. Kawaida zinaingia kidogokidogo kwa miaka minne, na kwa kampuni nyingine mwaka wa kwanza usipoisha hupati kitu, ila mgawo haulingani kila mahali. Amazon kwa mfano wamejulikana kwa asilimia 5 mwaka wa kwanza, 15 wa pili, halafu 40 na 40, kwa hiyo mtu akiondoka mwanzoni mwa mwaka wa tatu kaacha sehemu kubwa mezani. Soma mkataba wako tarehe ni zipi. Usihesabu hisa ambazo hazijaingia, na tafadhali usianze msingi wa nyumba Buswelu kwa hela ya mwakani. Meta walipunguza watu 11,000 Novemba 2022, Januari 2023 Google wakatangaza 12,000, Microsoft 10,000, Amazon zaidi ya 18,000, na humo ndani walikuwemo watu hodari wa miaka mingi waliokuta akaunti zao zimefungwa asubuhi. Sikutishi. Nataka uwe na akiba ya kula miezi sita bila mshahara, ili uamuzi wa kubaki au kuondoka uufanye ukiwa umetulia na sio kwa sababu kodi ya nyumba inagonga mlango.

Ukiona umebadilisha timu na bado shida unazopewa ni zilezile, ondoka, hata kama wanakulipa vizuri, una umri wa kujifunza bado. Ila usitoe notisi kabla hujasaini huko unakokwenda, na angalia kibali chako cha kazi cha Kenya kimeandikwa mwajiri gani, ulizia Uhamiaji mapema kubadilisha inachukua muda gani. Ile karatasi ya kukatwa mara mbili iandike kwanza kabla ya kikao na menija, nitumie niisome, nitaikosoa bila kukuonea haya.